Dirisha la Nyuma la Tela Letu

Siku nilipokabidhi funguo za stoo ya idara, mmoja wenu, vijana wenzangu wa nyuki, aliniuliza ni kifaa gani cha kazi nitakachokikumbuka kuliko vingine. Nilijibu kwamba ni bomba la moshi. Ndilo jibu lililotarajiwa, na mkuu wa ofisi alikuwa amesimama karibu akisubiri chai ya kuniaga ipoe. Halikuwa jibu la kweli. Kifaa ninachokikumbuka kuliko vyote hakikuwa mali ya serikali hata siku moja. Kilikuwa tela dogo la kulala, la magurudumu mawili, kuta za turubai na mlango wa mninga, nililolikokota nyuma ya gari katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kwenye njia ile ya zamani ya misafara itokayo Tabora kwenda magharibi. Nimestaafu mapema, kwa hiari yangu, nikiwa bado na meno yangu yote, na sasa ninao muda wa kujibu swali lile vizuri zaidi.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Faili langu lipo masjala. Atakayekosa usingizi akalisome.

Nilirudi Tabora kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya sayansi na suruali mbili. Niliweza kuupasua mwili wa nyuki chini ya hadubini na kuutaja kila mshipa wake, lakini sikuwa nimewahi kupanda mti wenye mzinga. Siku ya kwanza nilikabidhiwa bomba la moshi lenye tundu kwenye mfuko wake wa kupulizia, wavu wa kichwani uliokuwa wa mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko changu, na pikapu ndogo kuukuu ambayo maafisa wa Kizungu walikuwa wamekwisha kuichoka. Mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa waya. Mkuu wangu, Mwingereza mpole aliyewaogopa nyuki kimyakimya, alinionyesha ramani, akaipapasa misitu yote ya miyombo kwa kiganja kimoja, akasema kwamba huko ndiko ofisini kwangu. Kazi ilikuwa kwenda na warina asali msimu mzima wa kiangazi, kuwafundisha kuchuja nta ikatoka safi, na kuwashawishi wasiunguze miti. Nirudi mvua zikikaribia.

Nilikuwa nimeoa miezi michache tu. Mke wangu, Rebeka, alikuwa binti wa wafugaji wa Ziba, mtu wa uwanda wazi na ng'ombe, aliyeona ajabu kwamba mtu mzima alipelekwa chuo kusomea wadudu. Kwangu swali la kuondoka msimu mzima halikuwa jipya. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na bibi yangu, niliyemkuta akiwa mzee sana, alituonyesha mahali ambapo wanawake waliusindikiza msafara, wakaagana na waume zao, wakageuka. Hakuwahi kutusimulia safari za babu. Alitusimulia ile njia ya kurudi nyumbani kutoka pale pa kuagania, jinsi ilivyokuwa ndefu kuliko ya kwenda. Baba yangu alikuja kuwa mwalimu wa misheni ya Moravian, akakaa mahali pamoja maisha yake yote, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi. Nami nilijiahidi kwamba mke wangu hatanisubiri.

Msimu wa kwanza alinisubiri. Niliporudi, nikiwa mweusi kwa moshi na nimevimba jicho, alinipokea mzigo mlangoni akasema:

"Karibu, mgeni. Utakaa siku ngapi?"

"Rebeka, hapa ni kwangu."

"Hata majirani wanasema hivyo. Mimi sijaona ushahidi."

Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Wiki iliyofuata nilianza kutafuta tela.

Wakati ule mashamba makubwa ya karanga kule Urambo yalikuwa yamefungwa, na kila aina ya chuma ilikuwa ikiuzwa. Nilipata ekseli moja nyepesi yenye springi zake na magurudumu mawili, iliyokuwa imebeba mashine ya kuchomelea vyuma. Niliipeleka mtaa wa Gongoni kwa Fundi Maulidi, seremala ambaye mji mzima ulijua milango yake, kwa kuwa ni nzuri na kwa kuwa hakuchoka kuitaja. Aliizunguka ekseli, akaipiga teke, akaniuliza:

"Unataka kitanda kinachotembea?"

"Nataka nyumba ndogo ya safari, Fundi."

"Ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Basi ni kitanda. Usinizungushe, Bwana Nyuki."

Alitumia mninga. Nilimwambia nataka kitu chepesi; alinijibu kwamba yeye hatengenezi matenga ya kuku. Tela lilipokamilika watu walitoka misikitini na madukani kuja kulitazama. Lilikuwa na kuta za mbao zilizopigwa randa zikang'aa, kabati chini ya kitanda, na mlango uliochongwa maua kama wa nyumba ya mfanyabiashara. Lilikuwa zuri kupita kiasi, na halikuwa na maana yoyote. Kwenye mchanga wa kwanza baada ya Urambo, pikapu iliinua pua kama mbuzi anayetaka majani ya juu, magurudumu ya mbele yakawa yanagusa ardhi kwa hisani tu, na mti wa kukokotea ukapinda. Tulirudi Tabora mwendo wa jongoo, Rebeka akiwa amekaa mbele juu ya boneti kuongeza uzito.

Nawaandikia haya kwa kirefu kwa sababu najua baadhi yenu mnakokota matela ya mizinga mkiyapakia kama magunia ghalani. Tela halisumbui kwa uzito wake peke yake, bali pia kwa mahali uzito ulipokaa. Ukilundika nyuma, linainua nyuma ya gari na kutikisa mkia mpaka likutupe mtaroni. Ukilundika mbele kupita kiasi, unaukandamiza mgongo wa gari na usukani unakuwa mwepesi wa kutisha. Tulihamishia pipa la maji na sanduku la vyombo nyuma, juu ya ekseli, tukaongeza mnyororo pembeni mwa ndoano iwapo ndoano itachomoka, na kuta za mninga zikabanduliwa zote. Fundi Maulidi alizibandua mwenyewe, kwa huzuni ya mtu anayemvua marehemu pete. Aliomba mlango ubaki. Tukauacha.

Mahali pa kuta tuliweka turubai juu ya fito nyembamba. Hapo ndipo elimu yangu ilipoingia. Nilichemsha nta safi, nikaizimua kwa mafuta ya taa kidogo, tukaipaka turubai ikiwa bado ya moto, tabaka mbili. Maji yalitiririka juu yake kama juu ya jani la yungiyungi. Nilijisifu kwa Rebeka kwamba hakuna tela lingine kama lile kutoka pwani mpaka Ujiji.

Yeye aliomba kitu kimoja tu: dirisha upande wa nyuma. Kitanda kilikingama nyuma ya tela, naye angelala upande wa ukuta huo, mimi upande wa mlango kwa kuwa mimi ndiye niliyeamka mapema. Nilimweleza kwamba dirisha la nyuma ni kosa la kiufundi. Gari likienda, vumbi lote huvutwa kuja nyuma.

"Nitashona pazia la turubai, nitalifunga kwa vifungo tukiwa njiani," alisema.

"Na faida yake?"

"Nitaona tulikotoka."

Fundi Maulidi alikuwa amekwisha kupima kwa shubiri. "Mwachie bibi dirisha lake," alisema. "Wewe ulipata nta yako."

Hivyo msimu wa pili tulikwenda pamoja, tukipita Urambo hadi Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma. Tela lilifuata kwa upole, pazia la nyuma likiwa limefungwa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile barabarani tangu wakati huo. Rebeka aliimba nyimbo za kanisani kwa maneno ya ng'ombe, akimtania kila mchungaji tuliyempita, na jioni tulisimama popote tulipotaka, tukashusha miguu ya tela, tukawa na nyumba.

Nje kidogo ya Kaliua, mwendo wa kutembea tu kutoka stesheni, kulikuwa na uwanja wa mchanga ambapo njia ya miguu iliingia msituni kwenda kwenye kambi za asali. Hapo alikuwa akitusubiri Mzee Mihambo, kiongozi wa warina, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi, ambaye katika msimu wa kwanza alikuwa amenifundisha kila kitu ambacho chuo kilikisahau: namna ya kufunga kamba kiunoni, namna ya kupumua karibu na mzinga, namna ya kushuka bila kukimbia. Tulisalimiana, "Mwangaluka, mwangaluka," akalizunguka tela akiligonga kwa kidole. Kisha akamwona Rebeka akishuka, na kicheko kikamtoka usoni.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Ni mke wangu, Mzee. Tunakwenda naye kambini."

"Hapana."

Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mwanamume akienda kambini humwacha mkewe nyumbani, na kwamba huko hulala peke yake mpaka msimu uishe. Baba yangu aliyaita hayo mambo ya kale, na mimi chuoni nilikuwa nimeyaweka kwenye kapu moja na mambo mengine ya kale, nikalifunika. Nilianza kumweleza Mihambo kuhusu uwezo wa nyuki wa kunusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Nyuki wana wivu, Bwana Nyuki. Wakinusa kitanda cha watu wawili, wanahama au wanaua. Ndivyo tunavyosema. Kama ni kweli au si kweli, mimi sibishani nawe, umesoma. Lakini vijana wangu wanapanda juu kule kwa kamba ya gome, na kila mmoja amemwacha mkewe nyumbani. Mmoja akianguka, watasema ni nani?"

Alimwonyesha Rebeka kwa kidevu.

"Watasema ni huyu. Na utamrudisha Kaliua akiwa na jina hilo?"

Rebeka alikuwa amesikia yote. Alijifunga kanga yake upya, akanitazama, akamtazama Mihambo, akasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa mliposimama, mtu anaruhusiwa kukaa?"

"Hapa? Hapa ndipo wake zetu wanapotusindikiza wakaishia. Hapa anaweza kukaa hata malkia."

Nilielewa mahali tulipokuwa kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimemkokota mke wangu, juu ya springi za kisasa, mpaka pale pale pa kuagania.

Tulilisimamisha tela uwanjani. Rebeka alitaka mkia wake uelekee njia ya msituni na mlango uelekee vijiji. Hilo lilimaanisha kurudi kinyumenyume kwenye mchanga, na aliyewahi kurudisha tela nyuma anajua kwamba usukani hukatwa kinyume na akili. Ukichelewa kidogo tu, gari na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Ilinibidi nirudie mara kadhaa huku Mihambo akitoa maelekezo yasiyosaidia. Nilimuuliza Rebeka kwa nini tusiingie mbele tu na kusimama.

"Upepo," alisema.

Upepo wa kiangazi kwetu hutoka mashariki. Nilitazama vumbi, nikaona kwamba sababu yake haisimami, lakini sikutaka kubishana na mtu niliyekuwa nakaribia kumwacha. Nikabeba bomba la moshi na wavu, nikamfuata Mihambo.

Kambi ilikuwa mwendo wa nusu siku. Kila nafasi ilipopatikana, nta ilipokuwa inapoa au warina walipohamia miti ya mbali, nilitoka msituni kumwona. Kila mara nilimkuta akiwa amenipa mgongo: anashona, anapepeta, anakung'uta mkeka. Nilikaribia mpaka hatua chache, kisha anageuka. "Kumbe umefika?" alisema, kama mtu aliyeshtushwa. Na kila mara birika lilikuwa motoni na chai ilikuwa imeiva. Nilimsifu kwamba ana bahati ya chai. Nilikunywa, nikakaa naye nje ya mlango wa maua hadi jua likazama, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa kambi, sikulala katika tela. Nililala nyumbani kwa Mama Tausi, mkunga wa kijiji jirani, kwenye baraza, kama mchumba asiyeaminiwa. Ni kweli kwamba ningeweza kuivunja ile miiko na nyuki wasijue. Lakini warina wangejua usoni mwangu, na hapo nisingekuwa tena na mtu wa kumfundisha kuchuja nta.

Katikati ya msimu huo nilikuwa juu ya mti nilipomwona kijana wa stesheni akija mbio. Alisimama chini akapiga kelele: "Bwana Nyuki! Nyumba yako imepata wapangaji!"

Mihambo alisisitiza kuja. Tulipotoka msituni, tela lilikuwa likinguruma. Kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia kabatini chini ya kitanda, kati ya nguo zangu za kanisani, na walinzi walikuwa wakizunguka kuta za turubai wakizilamba nta yake kwa mapenzi. Mihambo alitazama, akavuta hewa puani, akanigeukia polepole.

"Umepaka nini hapa?"

"Nta."

"Juu ya kabati la mbao lenye tundu."

"Ndiyo."

Aliketi mchangani. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Bwana Nyuki! Umesomea nyuki miaka yote hiyo, ukawajengea mzinga, ukaupaka nta, ukauleta ukingoni mwa msitu, ukamweka mkeo ndani. Ulitarajia waje akina nani, punda?"

Nimewaeleza wengi wenu kosa hili darasani kama jambo lililompata afisa mmoja wa zamani. Afisa ni mimi. Dawa yake, kwa atakayehitaji, ni kuifunika nta kwa rangi ya mafuta. Sisi tuliipata ya kijani kwa watu wa reli. Nguo za kanisani hazikuwa na dawa.

Rebeka nilimkuta kwa Mama Tausi, barazani, akimenya karanga na wanawake ambao waume zao walikuwa kambini nami. Alikuwa na uvimbe mmoja shavuni. Nilimvuta pembeni nikamwambia yamekwisha. Kesho tunarudi Tabora, nitaomba kazi ya ofisini.

"Ukagonge mihuri?" aliniuliza.

"Nikae nawe."

Mikono yake iliendelea kumenya. "Msomi wangu, sikiliza. Nilikuja kukaa nawe, sikupata. Hilo sitalificha, linaniuma. Lakini Tabora ulikuwa mbali msimu mzima. Hapa uko mbali nusu siku. Na hawa," alisema akiwaelekea wanawake, "walikuwa wanasubiri, kila mmoja nyumbani kwake. Sasa tunasubiri pamoja. Nitoe nyuki kitandani kwangu, urudi kazini."

Nyuki nikawatoa. Mihambo akawaweka kwenye mzinga wa gome, akasema ni wake kama malipo ya kicheko. Tukarudi msituni.

Tulifanya hivyo msimu baada ya msimu. Tela nililibadilisha kila mwaka: springi nikaongeza jani moja, paa likapata dari ya pili ya turubai ili hewa ipite, meza ikawa ya bawaba. Kila mwaka nililirudisha kinyumenyume pale pale nikinung'unika, na kila mwaka upepo ukawa ndiyo sababu. Mwaka mmoja mke wa mrina alishikwa na uchungu mumewe akiwa kambini. Mama Tausi alitaka mahali safi penye hewa, wakampeleka kwenye tela, na mtoto akazaliwa kwenye kile kitanda, Rebeka akishika taa na kila alichoambiwa ashike. Mihambo aliposikia alisema, "Kitanda kile nilikikataa kambini. Kumbe kilikuwa na kazi zake." Binti yetu Neema alipokuwa ameanza kutembea, Rebeka aliniambia kwamba anataka kusomea ukunga, na mimi, niliyekuwa nimeondoka kila kiangazi, sikuwa na neno la kumzuia.

Uhuru ulipokuja nilihamishiwa makao makuu, mbali na msitu. Tela lilibaki nyuma ya karakana ya Fundi Maulidi. Rebeka alihitimu, akapangiwa huku, nami nikapangiwa kule. Likizo zetu zilipishana, na kwa miaka mingi ndoa yetu imeishi kwenye stesheni za reli. Sasa ndiye mkunga mkuu wa kituo kimoja cha afya upande wa Mpanda. Nilimwandikia kwamba nimestaafu, kwamba nimetosheka na kuondoka, ombi langu sasa ni tukae. Alijibu kwamba amefurahi sana, na kwamba yeye bado ana wajawazito.

Sikulalamika. Nilikwenda Gongoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani huyo? Hiyo ni sauti ya mtu aliyeniharibia mninga wangu."

Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini vidole viliupata mlango mara moja. Kuku walikuwa wametaga kabatini. Tulibadilisha turubai, tukafungua magurudumu tukayapaka grisi, nikanunua matairi, na juma lililopita nililifunga nyuma ya gari langu nikashika njia ya Kaliua. Rebeka alikuwa anakuja likizo kwa treni ya Mpanda. Nilikuwa nimempelekea ujumbe kwamba asihangaike kutafuta treni ya Tabora. Anikute mahali petu pa zamani.

Uwanja ni mdogo kuliko nilivyoukumbuka, nyumba zimeukaribia. Mihambo amekwisha kufariki. Nilisimama nikifikiri niliweke tela vipi. Rebeka hakuwa anatoka msituni, alikuwa anatoka stesheni, lakini mazoea yalinishika: nikakata usukani kinyume na akili, nikalirudisha nyuma mpaka mkia ukaelekea njia ya miguu, kama alivyotaka siku zote. Mgongo uliniuma. Treni ilikuwa bado mbali, jua lilikuwa kali, nikaingia kujinyoosha kitandani, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilisogea nikalala upande wake. Sikuwahi kulala upande ule.

Kichwa kilipogusa mto, dirisha likawa mbele ya macho yangu. Ndani yake hakukuwa na kitu kingine ila njia. Ilianza mbali, pale miti inapofunguka, ikaja moja kwa moja, nyeupe, bila kificho hata kimoja, mpaka chini ya dirisha. Mtu anayetoka msituni angeonekana kutoka pale tangu akiwa mdogo kama kidole. Angeonekana kwa muda wa kutosha kuinuka, kuchochea moto, kuteleka birika, kutia majani, kuchukua ungo na kumpa mgongo.

Nililala pale nikaitazama njia tupu. Nilifikiri juu ya bibi yangu. Nilifikiri kwamba kila mara nilipotembea kuja kwake nikidhani namshtua, alikuwa ametembea nami njia nzima.

Kisha niliondoka kitandani, nikaondoa matofali chini ya magurudumu, nikawasha gari, nikaligeuza tela lote. Liligoma mara mbili. Mchanga ni ule ule. Mkia ukaelekea stesheni. Honi ya treni ilipolia, nilikuwa upande wake wa kitanda, kidevu juu ya mkono. Nilimwona akiwa mdogo kama kidole. Alikuwa amebeba sanduku mkono wa kulia, akasimama kuhamishia wa kushoto, akaendelea. Anatembea taratibu zaidi sasa. Nilimtazama kadiri nilivyothubutu, kisha nikatoka, nikatia kuni, nikateleka birika. Chai ilipoiva nilichukua spana, nikachuchumaa kwenye ndoano ya tela, nikaanza kukaza nati iliyokuwa imekwisha kukazwa, nikiwa nimeipa njia mgongo.

Nilimsikia akija. Nilimsikia akisimama.

"Kumbe umefika?" nilisema bila kugeuka.

Sanduku liliwekwa chini mchangani.

"Miaka yote hiyo," alisema Rebeka, "ndiyo kwanza leo umelala upande wangu?"

Nikammiminia chai. Ilikuwa ya moto.